Si Kanga Yangu Iliyokufupisha

Tausi mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Yako siiulizi. Tunalala kitanda kimoja, na kwa wiki tatu sasa nakuona unavyogeukia ukutani kabla sijazima taa. Yangu utaisoma humu.

Umetoka na shangazi yako kwenda Kariakoo kumalizia vitu vya shule. Mimi leo sikupika supu ya kuuza. Nimejifungia hapa chumbani Magomeni na daftari lako la hesabu la darasa la saba, zile kurasa zilizobaki nyuma. Kesho asubuhi basi la kusini linaondoka na wewe kwenda shule ya bweni, na jana nilimsikia shangazi yako akiongea kwenye simu, akidhani nipo bafuni. "Mtoto mwenyewe amesema likizo harudi Dar. Atakuja kwangu Masasi."

Sikukuuliza. Nilitoka bafuni nikaenda kuanika nguo.

Habari za sare, za sabuni, za kulinda ndala zisiibwe bwenini, hizo atakuambia shangazi. Mimi sijawahi kulala bweni, ningekudanganya tu. Nina jambo moja ambalo hapa nyumbani nalijua peke yangu, na nimelikalia miaka sita. Nalisema leo kwa sababu nakupoteza, na nakupoteza kwa uongo wa mdomo wangu mwenyewe.

Unajua ni siku gani naisema. Mama yako mdogo Salma alikuja kunywa supu asubuhi pale ninapouzia, kabla hajafungua lile duka la vitenge anapouza. Nikamshika kiuno ili apite nyuma ya benchi, mkono wangu ukagonga kitu kigumu. Nikakijua hapohapo. Nimewahi kuwa nacho.

"Umejifunga nini?"

"Kanga tu, dada."

"Miezi mingapi?"

Akatazama sufuria. "Mitano. Usiongee kwa nguvu, dada. Bosi akijua ananitoa."

"Fungua."

"Hapa?"

"Fungua, Salma. Mimi nilijifunga hivyohivyo, nikamkunja mwanangu mifupa. Si unamwona Tausi alivyo? Ni mimi niliyemfanya vile. Ni kanga yangu."

Nilipogeuka ulikuwa umesimama na ndoo ya sahani. Hukuiangusha. Uliiweka chini, ukasema, "Shikamoo mama mdogo," ukaanza kuosha. Salma alishindwa hata kuitikia. Uliosha sahani zote, na za jirani ukaosha. Tangu siku hiyo nikikuita unaniitikia kama unavyomwitikia mwenye nyumba.

Ulisikia sawasawa, mwanangu. Niliyesema vibaya ni mimi.

Kujifunga, nilijifunga kweli. Nilikuwa kidato cha pili, nina miaka kumi na saba, na nilitaka nifanye mtihani kwanza halafu dunia inipasukie. Kila asubuhi nilikuwa naingia chooni na kanga kuukuu ya bibi yako, naikunja upana wa viganja viwili, najizungushia chini ya shimizi, nameza pumzi, nakaza. Nilianza mwezi wa nne wa mimba nikaacha wa saba, siku niliyozimia mstarini. Mtihani sikuufanya. Ulipoanza kucheza tumboni nilikuwa nahisi unagonga ile kanga, nami nakaza. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili. Nimeiacha.

Ukazaliwa unalia kwa nguvu, kichwa kizuri, macho yamefumbuka. Mkunga akakupima urefu, akakunja futi yake, akaikunjua akapima tena. Mimi nikasema moyoni, nimeshajua.

Ndipo akaja Bibi Mwanakombo. Yule ndiye aliyekuwa anakanda watoto wa mtaa mzima, amenikanda hata mimi. Siku zote arobaini alikuwa anakuja alfajiri na mafuta yake ya nazi, anakulaza juu ya miguu yake aliyoinyoosha, anakukutanisha mkono huu na mguu ule kama ilivyo desturi. Watoto wengine huishia hapo, wanafunikwa, wanalala. Wewe alikuongezea. "Viungo vimejikunja ndani hivi, tutavitoa. Wewe mama mtu, mshike mabega. Mshike sawasawa, usimwonee huruma." Nilikushika mabega yeye akavuta miguu. Ulilia mpaka sauti ikawa ya kukoroma. Yule bibi hakuwa mbaya, alifanya alichofunzwa. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia, bibi, vuta kidogo tena.

Baba yako alikuja siku ya arobaini. Akakufunua, akakutazama miguu, akasema, "Kwetu hakuna mtu wa hivi." Bibi yako, Mungu amrehemu, akamjibu, "Na kwetu je? Umetuona tukipita chini ya meza?" Hakuna aliyecheka. Baba yako akaondoka, na aliyerudi ni dada yake, huyu shangazi unayetembea naye leo. Kwa hiyo ukimpenda sina kinyongo. Ana haki hiyo.

Miaka ikaenda. Nikakuchelewesha shule mwaka mzima kwa sababu niliogopa midomo ya watoto. Wewe hukuwahi kuwaogopa. Nakukumbuka una miaka saba, umesimama pale kwenye benchi la supu, mbeba mizigo mmoja anakutania, "Mtoto, umekaa au umesimama?" Ukamwambia, "Nimesimama, kaka. Wewe umekaa na bado huoni." Benchi zima likacheka, yeye mwenyewe akapaliwa na supu. Mimi niligeukia jiko. Ulikuwa na mdomo wa kujibia, na mimi mama yako sikuwa nao.

Sasa hili ndilo lenyewe.

Ulipokuwa na miaka minane ulianza kukoroma usiku, pumzi inakatika, inarudi. Nikakupeleka hospitali. Daktari alikuwa dada mmoja kijana, amenizidi umri kidogo tu. Alikupiga picha za mifupa, akazibandika kwenye taa, akazitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nauza supu ya makongoro, Kariakoo."

"Basi umeona mifupa mingi kuliko mimi. Niambie, kongoro la ndama na la ng'ombe mzee unayatofautishaje?"

Nikadhani ananitania. Nikamwambia, la ndama likichemka sana, kichwa cha mfupa kinachomoka chenyewe, na pale kinapochomokea kuna kitu cheupe, laini, kinateleza. La ng'ombe mzee hata ulichemshe kutwa, halichomoki. Limeshikana.

"Hicho cheupe ni gegedu," akasema. "Hapo ndipo mfupa unapoongezekea urefu. Kikiisha, mtu ameshamaliza kukua."

Akageuza bahasha ya picha zako, akachora. Aliniambia mtoto tumboni haanzi na mfupa. Anaanza na vichipukizi vinne, viwili vya mikono, viwili vya miguu. Ndani ya vichipukizi gegedu linajipanga, linachukua umbo la kila mfupa utakaokuja, paja lake, goti lake, vidole vyake, wakati mtoto mzima hajafikia hata urefu wa kidole changu cha mwisho. Halafu mfupa wenyewe unaanza katikati, unakwenda pande mbili, na gegedu linabaki kwenye ncha, linaendelea kusukuma. Mwanamke mwingine wakati huo hajajua hata kama ana mimba.

Nikamuuliza, nani analiambia gegedu hapa refuka, hapa simama?

"Jeni," akasema. Ni maandishi tuliyo nayo ndani ya mwili, tumerithi kwa baba na mama. Zipo jeni zinazohimiza gegedu, zipo zinazolizuia, na zote zinahitajika, maana bila ya kuzuia mtu angerefuka vibaya. "Mwanao ana moja ya zile za kuzuia. Kila mtu anayo. Yake imebadilika herufi moja, ikawa kama breki iliyokanyagwa muda wote. Gegedu linataka kusukuma, linaambiwa simama. Kwenye mikono na miguu ndiko panapoonekana zaidi, kwa sababu mifupa mirefu ndiyo inayolitegemea sana."

"Herufi moja?"

"Moja. Katika maandishi ambayo ukiyachapa yanajaza maktaba."

"Kaikosea nani?"

"Hakuna mtu. Mwili unanakili maandishi yake kila wakati, na mara chache unakosea. Ninyi wazazi wote wawili si wafupi, kwa hiyo la huyu limeanza kwake. Lilikuwa limeshatokea kwenye yai au kwenye mbegu, mimba haijatungwa."

Hapo nikamwambia habari ya kanga. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia. Nilinong'ona, maana ulikuwa pale sakafuni unahesabu vigae. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, kujibana tumbo si kuzuri, kuna madhara yake. Lakini ungejifunga hata kamba ya meli, isingebadilisha ile herufi. Ilikuwa imeshaandikwa kabla hujaigusa hiyo kanga."

Mtu mwingine angetoka pale anaruka. Mimi nilitoka nimekasirika.

Sikumwamini, Tausi. Au nilimwamini nikakataa. Nataka unielewe hapa, kama huelewi pengine pote. Miaka minane nilikuwa na kosa langu, nalala nalo, naamka nalo, nafunga saumu kwa ajili yake, nachemsha supu saa tisa usiku nikisema hii ndiyo adhabu yangu na nikiimaliza Mungu ataona. Kosa lilikuwa linanipa kitu cha kufanya. Huyu dada ananinyang'anya kwa dakika kumi, kwa kalamu, juu ya bahasha. Kama si mimi, basi nikifanya nini inatosha? Nimfuate nani? Sikuwa na pa kwenda na hilo.

Basi nikarudi nyumbani nikaendelea. Hili hulijui, au unalijua nusu. Nilikuwa nangoja ulale, nashuka mwisho wa kitanda kwenye miguu yako, napaka mafuta mikono, nakuvuta. Nilivuta kama alivyovuta Bibi Mwanakombo, ila polepole usiamke. Mwezi mzima baada ya daktari kuniambia kwamba hakuna cha kuvuta. Usiku mmoja ukaamka. Ukasema, "Mama, mbona unanivuta?" Nikakwambia, "Nakufunika shuka, lala." Ukasema, "Shuka lipo huku," ukarudi kulala. Nilikaa sakafuni hadi adhana ya alfajiri. Sikukuvuta tena. Lakini pia sikukuambia kitu.

Nilikuwa najaribu kutengeneza mtu ambaye hakuwa ameharibika. Ulikuwa unanikumbatia shingoni kila asubuhi kwa hiyo mikono niliyoona imepungua, na ilikuwa inanifika.

Na lile la Salma. Uongo wa kanga nilikuwa nimeuzoea, ukatoka wenyewe. Lakini lililo baya zaidi si la kanga. Ni pale niliposema, si unamwona Tausi alivyo. Nilikuonyesha kwa kidole kama mtu anavyoonyesha shimo barabarani ili mwenzake asitumbukie. Hilo ndilo ninalokuomba radhi. La kanga nililitenda nikiwa mtoto, hukuwa na sura bado. Hili nimelitenda nina miaka thelathini na moja na nakujua mpaka unavyocheka usingizini.

Jana nilimfuata Salma dukani. Bosi wake ameshajua, amefoka, wateja wakamtetea, bado yupo. Nikamwambia yote, jeni, herufi, breki. Akanitazama juu ya vitenge.

"Kwa hiyo siku ile ulinitisha kwa uongo."

"Ndiyo."

"Na Tausi umemwambia?"

Nikaanza kukunja kitenge kilichokuwa mbele yangu.

"Dada. Umeanza na mimi?"

Nilitembea kwa miguu kutoka Kariakoo mpaka nyumbani.

Bado kuna kipande kimoja, na hiki ndicho kilichonifunga mdomo kweli. Kanga ni kisingizio tu, hiki ndicho. Siku ile kabla hatujaondoka nilimuuliza daktari, "Na yeye akija kuzaa?" Akakutazama kwanza. Akasema kila mimba yako itakuwa nusu kwa nusu. Nusu mtoto arithi ile herufi, nusu asiirithi. Si kwamba wa kwanza akiwa hivi, wa pili atakuwa vile, hapana, kila mara inaanza upya. Na ukimpata mwenza naye mwenye hali kama yako, hesabu ni nyingine na nzito, muende wote wawili mkaelezwe kabla. "Mwambie akifika umri wa kuelewa," akasema. "Asije akasikia kwa watu."

Ulikuwa unaelewa ukiwa na miaka kumi. Kumi na moja ulikuwa unanifundisha mimi sehemu za hesabu. Nilijua unaelewa. Nilikuwa nakutazama unaosha sahani, nasema, kesho. Niliogopa uso wako ukilisikia. Nilidhani utaniuliza, "Kwa hiyo wewe, kama ungejua, usingenizaa?"

Nakujibu hata kama hutaniuliza. Ningekuzaa. Nisingejifunga tu, ungecheza tumboni kwa nafasi. Na nisingempa mtu yeyote miguu yako avute.

Na wewe ukiamua kuzaa au kutozaa, siku hiyo iko mbali, na ni yako. Mtu asikuamulie, iwe mimi, iwe shangazi, iwe mwanamume utakayekuwa naye. Ila usiamue kwa hofu niliyokuonyesha mimi. Mimi nimeamua mambo mengi kwa hofu na sijaona hata moja lililonyooka.

Shuleni watakuuliza. Watasema mama yako alifanya nini, alikula nini, alimkosea nani. Watakuwa na bibi zao wa kukanda pia, na huko kusini wapo wa kila aina. Kukataa unaruhusiwa, hata kama ni mkubwa wako, hata kama amekuja na nia njema. Sema tu hapana, shikamoo yako uliyompa haikufungi. Ukitaka kuwaeleza jeni, waeleze. Ukitaka kuwaambia haiwahusu, waambie. Unalo jibu sasa. Mimi nilikuacha miaka yote hiyo utembee bila jibu, unajibu kwa mzaha kwa sababu mzaha ndio uliokuwa nao peke yake. Nilikuwa najisifu kwamba mwanangu ana mdomo. Sikuwahi kujiuliza ukimaliza kuwachekesha unabaki na nini.

Kuhusu likizo, sitakuomba urudi. Nimeandika kukuomba, nimekata. Ukienda Masasi nenda, ukale vizuri, shangazi ana moyo. Ukweli ni kwamba nitakaa hapa chumbani nikisikia kila lango linapogonga, na sijui nitafanya nini na upande wako wa kitanda. Lakini hilo ni la kwangu. Usilibebe njiani.

Nilipokaa kuandika nilikuwa nimepanga uikute barua hii ukiwa umeshafika mbali, huko Kibiti au mbele zaidi. Nilijiambia ni ili usome kwa utulivu. Si kweli. Ni ili usiweze kuniuliza kitu. Nimeiona hiyo hofu ikiandika pamoja nami tangu ukurasa wa kwanza, na nimeichoka.

Kwa hiyo utapewa leo, mkononi, mara tu ukiingia, kabla hujavua viatu. Shangazi yako nitamwambia akakae uani na majirani. Uisome mbele yangu, na mimi sitasimama kwenda kuanika kitu wala kuchochea jiko. Kuna jioni nzima mpaka basi. Uniulize lolote, na lile la kukuvuta miguu uniulize mara mbili. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, nitakaa vilevile.

Mama yako